Ukiingia ubingwa usio wako: nani ana neno la mwisho kuhusu kubadili fani

Daktari aliye mwaka wa kwanza wa ubingwa anapoanza kuhisi kwamba fani aliyoingia haimfai, mara nyingi hamwambii mtu. Anaendelea na raundi za asubuhi, anaandika mafaili, anashika zamu yake, na usiku anatafuta majibu kwenye simu. Anayokutana nayo yameandikwa zaidi kwa ajili ya madaktari wa Marekani: mwone mkurugenzi wa programu, tafuta nafasi iliyoachwa wazi hospitali nyingine, hesabu miaka ya ufadhili uliyobakiza. Akiyasoma akiwa chumba cha kupanga Makulu au Ng'hong'ona, hapa Dodoma, yanamchanganya zaidi. Huku kwetu hospitali anayojifunzia haimlipi mshahara. Anayemlipa yuko Kongwa, Manyoni au Iramba, na huenda hajawahi kukanyaga chuo anachosoma.

Kubadili fani kunawezekana Tanzania, na ninaamini kwa dhati kwamba anayepaswa kubadili ni heri abadili mapema kuliko kumaliza ubingwa ambao ataukimbia baadaye. Kinachowaumiza wengi ni kuanzia pasipofaa. Wanaanza na chuo, kwa kuwa chuo ndicho kilicho karibu, wakati chuo kilipaswa kuwa karibu na mwisho wa safari.

Njia yenyewe ilivyo

Shahada ya kwanza ya udaktari ni miaka 5, kisha mwaka 1 wa utarajali, yaani kazi ya hospitali chini ya usimamizi. Utarajali ukiisha salama, daktari anapata usajili kamili wa Baraza la Madaktari Tanganyika na kuanza kazi kama daktari wa kawaida. Wengi huajiriwa, wakakaa kituoni kwa muda, halafu wakaomba kwenda kusoma shahada ya uzamili ya tiba, ile inayoitwa MMed. Fani nyingi ni miaka 3, chache zinafika 4. Hapo ndipo mtu anaitwa rezidenti: ni mwanafunzi anayelipiwa au anayejilipia ada, lakini pia ni daktari kamili anayehudumia wagonjwa mchana na usiku.

Zamani daktari wa kanda ya kati aliyetaka ubingwa alifunga safari kwenda Muhimbili, KCMC Moshi au Bugando Mwanza. Siku hizi Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, nacho kinafundisha uzamili wa tiba, na ndani ya eneo lake kuna Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyofunguliwa mwaka 2015. Ujio wa hospitali hiyo umebadilisha kitu ambacho watu hawakisemi sana. Mwaka 2018 ilianza kupandikiza figo, kwa msaada wa wataalamu kutoka Japani, na baadaye ikaingia kwenye upandikizaji wa uloto kwa watoto wenye selimundu. Daktari aliyetoka hospitali ya wilaya, ambaye utarajali wake ulikuwa wa wodi nne kubwa za magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi, anafika hapa na kuona kazi ambazo hakujua kama zipo. Fomu aliijaza akiwa na picha ya wodi nne. Si ajabu akitamani kuijaza upya.

Kuna na njia ya pili, ambayo rezidenti wengi huisikia wakiwa wameshaingia ya kwanza. Ni ile ya Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoundwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha. Chuo hiki hakina majengo ya kufundishia. Daktari anajifunzia kwenye hospitali iliyoidhinishwa, anaandika kila upasuaji alioshiriki kwenye daftari lake, anafanya mtihani wa uanachama baada ya miaka 2, kisha anaendelea na miaka 3 ya ubingwa wenyewe. Nitairudia, maana mpangilio wake una jibu kwa baadhi ya watu wanaosoma makala hii.

Kwa nini ushauri wa Marekani hautufai

Nchini Marekani daktari anayemaliza chuo hupangiwa hospitali ya mafunzo kupitia mfumo mmoja wa kitaifa wa kulinganisha machaguo, ambao matokeo yake hutoka mwezi Machi. Akipangiwa, hospitali inamwajiri na kumlipa mshahara. Fedha nyingi za mafunzo hayo zinatoka Medicare, bima ya serikali ya wazee, na hapo ndipo penye utata wao: fani ya kwanza aliyoingia ndiyo inayoamua ni miaka mingapi hospitali italipwa kikamilifu kwa ajili yake, bila kuzidi 5. Akihamia fani ndefu zaidi, sehemu moja ya malipo hayo inashuka hadi nusu kwa miaka inayozidi. Mkuu wa idara wa huko anapomkubali mhamiaji, mahesabu ya hospitali yake nayo yanakuwa mezani.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye leseni. Majimbo ya Marekani hayampi daktari leseni kamili mpaka awe amefanya angalau mwaka 1 wa mafunzo ya baada ya chuo, na kwa waliosomea nje ya nchi mara nyingi ni zaidi ya hapo. Akiacha mapema bila kupata kwingine, anaweza kubaki na shahada ya udaktari asiyoweza kuifanyia kazi. Ndiyo maana maandiko yao kuhusu jambo hili yamejaa hofu.

Rezidenti wa Dodoma hana sababu ya kuirithi hofu hiyo. Usajili wake kamili aliupata baada ya utarajali, na kuacha MMed hakuugusi. Akifunga mafaili kesho akarudi Kondoa, anarudi akiwa daktari yule yule aliyeondoka, mwenye leseni yake ya kuhuishwa kila mwaka. Hatari aliyonayo ni ya namna nyingine: iko kwenye ajira, kwenye mkataba wa ufadhili, na kwenye miaka.

Unachokikimbia ni fani au ni mahali?

Swali hili ningependa kila mtu alikalie muda mrefu kabla ya kumwandikia mtu yeyote barua. Rezidenti anaposema "siipendi tena fani hii", mara nyingi kauli hiyo imebeba mambo mawili au matatu yaliyoshikana. Kuna uchovu wa zamu zinazofuatana. Kuna bingwa mmoja anayemfokea mbele ya wagonjwa. Kuna familia iliyobaki Singida na mtoto anayeanza darasa la kwanza bila baba au mama. Na huenda, chini ya yote, kuna fani yenyewe. Yale matatu ya kwanza yatamfuata hadi idara ya jirani. Zamu zipo kila mahali, wenye hasira wapo kila idara, na Singida haitasogea.

Namna nzuri ya kujipima ni kuacha kuziangalia siku mbaya na kuiangalia kazi ya kila siku ya bingwa aliyemaliza. Kaa na bingwa wa fani yako wa miaka kumi kazini. Anafanya nini Jumanne saa nne asubuhi? Kama ni upasuaji, yuko kliniki akiangalia henia, tezi na vidonda vya kisukari, halafu thieta, halafu wodini kutazama mifereji inayotoa usaha. Ukiwaza kwamba hiyo ndiyo Jumanne yako kwa miaka ishirini, ukiwa umelala vya kutosha na bila wa kukufokea, moyo unasemaje? Ukisinyaa hata hapo, shida ni fani. Kama unaamka na kutamani ufike huko haraka, unachohitaji ni likizo, au kuzungumza na mkuu wa idara kuhusu ratiba ya zamu, au kulishughulikia suala la kunyanyaswa kwa jina lake na kwa utaratibu wake.

Upande wa pili wa kipimo ni kutazama unakovutwa. Nichukue mfano wa upasuaji na usingizi, maana watu wa fani hizi mbili wanasimama chumba kimoja. Rezidenti wa upasuaji anasubiri ngozi ipakwe dawa, mawazo yake yako kwenye mkato. Upande wa pili wa pazia la kijani, mtu wa usingizi amemaliza kumchoma mama sindano ya ganzi ya uti wa mgongo. Dakika chache baadaye mama anasema anajisikia kichefuchefu. Mtu wa usingizi hasubiri monita ipige kelele: ameshajua presha inashuka, ameshafungulia dripu, mkono uko kwenye bomba la dawa ya kupandisha presha, na huku anamwambia mama, "Pumua taratibu, niko hapa." Kuna marezidenti wa upasuaji ambao macho yao huwa yanaenda huko kila mara. Mikono yao iko kwenye kidonda, lakini kinachowasisimua ni ile namba ya presha na sababu yake. Hao mvuto wao ni wa kazi yenyewe. Wengine wanachotamani cha mtu wa usingizi ni kwamba hana wodi ya kuzungukia asubuhi, na hao ningewaomba wakashinde mwezi mmoja kwenye chumba cha wagonjwa mahututi kwanza.

Omba kushinda huko kweli, si kwa kusikia. Siku zako za mapumziko, kwa ruhusa ya idara husika, ingia nao zamu mbili au tatu za usiku. Mchana kila fani inapendeza.

Ipo pia sababu ambayo haihitaji kipimo chochote: mwili. Mgongo ulioharibika, mkono unaotetemeka, mzio mkali wa glovu au dawa za thieta, ugonjwa unaozuia kukesha. Hapa nyaraka za daktari ziandaliwe mapema, kwa sababu ombi la afya husikilizwa kwa masikio tofauti na ombi la hiari.

Mwajiri kwanza

Sasa tuingie kwenye ofisi. Tuseme kuna daktari wa halmashauri moja ya mkoa wa Dodoma, mkoa ambao sensa ya mwaka 2022 iliukuta na watu 3,085,625. Ameruhusiwa kwenda kusoma ubingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi. Ruhusa hiyo haikutoka hewani. Halmashauri ina ikama, yaani orodha ya nafasi inazotakiwa kuwa nazo, na ina mpango wa mafunzo. Jina lake liliingia kwenye mpango kwa sababu hospitali ya wilaya inahitaji bingwa wa uzazi. Mshahara wake unaendelea kulipwa akiwa darasani kwa matarajio hayo, na mara nyingi ametia saini kwamba akimaliza atarudi kutumikia.

Akibadili fani kimya kimya, kwa macho ya mwajiri hayuko tena kwenye masomo aliyoruhusiwa. Ruhusa aliyopewa ilitaja fani, na fani hiyo hasomi. Hapo ndipo mtu anaweza kuhojiwa kuhusu mshahara anaoupokea, au kumaliza miaka yote kisha akakwama kubadilishiwa muundo wa utumishi kutoka daktari kwenda daktari bingwa, kwa sababu faili lake linasema uzazi na cheti kinasema radiolojia. Chuo hakitamkumbusha jambo hili, maana si kazi ya chuo.

Kwa hiyo barua ya kwanza inakwenda kwa mwajiri. Inaandikwa kwa Mkurugenzi Mtendaji, kupitia kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri, naye kupitia kwa Mganga Mfawidhi wa kituo. Kichwa chake kisizunguke: "Yah: Ombi la kubadilishiwa fani ya masomo ya ubingwa kutoka magonjwa ya wanawake na uzazi kwenda tiba ya ganzi na usingizi." Barua ikifika masijala inaingizwa kwenye faili lako la siri na kupewa namba ya folio, yaani namba ya karatasi ndani ya faili, na kuanzia hapo inaweza kusogea kwa siku mbili au ikalala kwa miezi miwili. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Omba uambiwe namba ya folio. Siku ukipiga simu kuulizia, ofisa utumishi hataanza kupekua meza nzima. Utamtajia namba na atajua pa kuangalia.

Ndani ya barua, mwajiri hatasaidika sana na maelezo ya moyo wako. Anataka kujua hospitali yake itapata nini. Kama kituo kina vyumba viwili vya upasuaji na hakina bingwa hata mmoja wa usingizi, liseme hilo kwenye aya ya kwanza, kwa idadi halisi. Ukitaka kuhamia magonjwa ya macho na unatoka Kongwa, wilaya ambayo trakoma imeisumbua kwa vizazi na kuifanya ijulikane kwa watafiti wa ugonjwa huo duniani, hoja yako iko mezani tayari. Ukitaka afya ya akili, upo mkoa wenye Mirembe, hospitali ya taifa ya fani hiyo, na hospitali za wilaya zinazoizunguka zinawapeleka wagonjwa huko kwa kukosa wa kuwaona karibu. Mwombaji wa namna hii anapeleka suluhisho, na mkurugenzi ana sababu ya kuandika "nakubali" ambayo anaweza kuitetea kwa mkaguzi.

Ugumu unakuja fani unayoitaka isipokuwa na nafasi kabisa kwenye ikama ya mwajiri wako. Hospitali ya halmashauri haina mahali pa kumweka bingwa wa patholojia au wa upasuaji wa ubongo. Hapo ombi lako linakuwa mawili kwa mkupuo: kubadili fani, na kuja kuhamishiwa hospitali ya rufaa baadaye. Usilifiche la pili. Ni afadhali likataliwe sasa kuliko kurudi wilayani na ubingwa ambao hauna darubini wala maabara ya kuutumia.

Kuhusu wakati: mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai, na mipango ya mafunzo huandaliwa miezi kadhaa kabla. Vyuo vinafungua mwaka wa masomo kwenye Oktoba au Novemba. Barua inayofika kwa mwajiri Septemba inakuta mpango umeshafungwa, na jibu la kawaida ni "subiri mwakani". Anayetaka kuanza fani mpya Oktoba, barua yake inapaswa kuwa masijala mwanzoni mwa mwaka.

Mfadhili, chuo, Baraza

Anayejilipia ada mwenyewe anaweza kuiruka aya hii. Mwenye ufadhili, uwe wa wizara, wa shirika la dini lenye hospitali yake au wa mwajiri binafsi, asome mkataba wake neno kwa neno kabla ya kumwambia mtu lolote. Atafute sehemu tatu: fani imetajwa kwa jina au imeachwa wazi, nini kinatokea masomo yakikatishwa, na kama fedha zilizokwisha kutumika zinadaiwa. Fani adimu mara nyingi ndizo zinazofadhiliwa, kwa hiyo anayetoka fani yenye watu wengi kwenda fani adimu anaweza kukuta mfadhili anamshangilia. Anayetoka fani adimu kwenda kwenye watu wengi ajiandae kuulizwa maswali magumu, na ni haki yao kuuliza.

Chuo kinakuja baada ya hapo. Kwa kawaida vyuo vyetu havina kitu kinachofanana na "kuhama" kwa rezidenti wa kati ya masomo. Kinachofanyika ni kujiondoa au kuahirisha kwenye programu ya kwanza kisha kuomba ya pili kama mwombaji mpya, ukishindana na wengine kwa nafasi zilizopo. Kabla ya kujiondoa, hakikisha unatimiza sifa za kujiunga na fani mpya, zikiwemo alama za shahada yako ya kwanza kama chuo kinaziangalia kwa somo husika. Usijiondoe ukiwa na ahadi ya mdomo. Subiri barua ya udahili iwe mkononi. Na kwa kuwa nafasi za kila fani hutegemea idadi ya mabingwa waliopo wa kufundisha, idara inaweza kukupenda na bado isiwe na pa kukuweka mwaka huo.

Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo jepesi kuliko yote. Halikusajili kama bingwa mpaka umalize, hivyo katikati ya masomo hakuna cha kufuta. Hakikisha tu leseni yako haijakwisha muda wakati wa mkanganyiko, na pointi zako za kujiendeleza kitaaluma ziko sawa.

Kinachobaki na kinachopotea

Hesabu ya wazi ni hii: aliyemaliza mwaka 1 wa fani ya miaka 3, akaanza upya fani nyingine ya miaka 3, atakuwa amesoma miaka 4. Akibadili baada ya mwaka wa pili, ni 5. Kwa miaka hiyo ya ziada anaendelea kupokea mshahara wa daktari wa kawaida, ada inalipwa tena, na wenzake alioingia nao wanakuwa mabingwa wakimwacha. Tofauti hiyo ya mwaka mmoja ndiyo inayonifanya niseme mapema ni bora, na mapema kwangu ni kabla ya pendekezo la utafiti kupita kamati ya maadili.

Kazi za wodini hazihesabiki sana kwenye fani mpya, hata kama zilikutoa jasho. Kozi za pamoja kama mbinu za utafiti na takwimu zina nafasi nzuri zaidi ya kukubaliwa, hasa ukibaki chuo hicho hicho, na uamuzi ni wa chuo. Tasnifu ndiyo hasara kubwa. Kibali cha maadili hutolewa kwa utafiti mahususi wenye mada na mtafiti wake, na utafiti wa kifafa cha mimba hauwezi kugeuzwa kuwa wa radiolojia kwa kubadili kichwa cha habari. Lakini mada iliyochaguliwa kwa akili inaweza kuvuka mpaka. Mtu aliyekuwa akichunguza upotevu wa damu wakati wa upasuaji wa uzazi anaweza kuukabili upya akiwa upande wa usingizi, kwa pendekezo jipya na kibali kipya, akiwa ameshasoma nusu ya machapisho anayoyahitaji.

Maarifa yenyewe hayapotei, na hili silisemi kwa kufariji. Bingwa wa usingizi aliyewahi kushika kisu anajua upasuaji unaelekea wapi kabla hajaambiwa. Bingwa wa radiolojia aliyewahi kukaa wodi ya watoto anasoma picha ya kifua cha mtoto akiwa na mtoto kichwani.

Kuna wasiohitaji kubadili

Baadhi ya watu wanaokuja na wazo la kubadili fani wangefika wanakotaka kwa kumaliza waliyonayo. Aliye magonjwa ya ndani na anayetamani kazi ya mikono, mbele yake kuna ubingwa bobezi wa moyo, ambako mishipa huzibuliwa kwa mrija unaopitishwa kwenye mkono au paja, au wa mfumo wa chakula, wenye kazi nyingi ya kamera. Wote wawili hupitia mlango wa magonjwa ya ndani. Aliye uzazi na anayevutwa na saratani ana saratani za wanawake. Aliye watoto anaweza kwenda moyo wa watoto au damu. Miaka anayoona kama kifungo ni sehemu ya njia, mradi fani anayoiwaza iko ng'ambo ya mlango huo. Kutoka watoto hakuna njia ya mkato ya kufika mifupa.

Na hapa ndipo ile njia ya COSECSA inapoingia. Miaka yake 2 ya kwanza ni ya misingi ya upasuaji kwa ujumla, na tawi, liwe mifupa, mkojo, ubongo, upasuaji wa watoto au upasuaji wa jumla, huchaguliwa baada ya mtihani wa uanachama. Daktari ambaye hajaingia popote, mwenye uhakika kwamba anataka upasuaji ila hajui upi, angeitazama njia hii kabla ya kujaza fomu ya MMed ya fani moja. Ningefurahi sana kuona MMed zetu zikiazima wazo hilo: muhula mmoja wa pamoja, na dirisha rasmi la kubadili mwishoni mwake, lenye tarehe inayojulikana na mwajiri, mfadhili na chuo. Leo kila anayebadili anavumbua njia yake peke yake, na nchi inapoteza mwaka mzima wa daktari kwa kukosa fomu moja.

Mazungumzo na mkuu wa idara

Yafanyike mwajiri akiwa ameshaonyesha dalili ya kukubali, na kabla habari haijafika wodini. Mkuu wa idara akizisikia kwenye chai ataona amezungukwa. Omba miadi, ingia peke yako, sema kwa kifupi.

"Shikamoo, Profesa. Nashukuru kwa muda wako. Nimefikiri kwa miezi kadhaa, nimeongea na mwajiri wangu, na nimeona fani yangu ni usingizi. Nimekuja kukueleza mwenyewe kabla sijaandika popote."

"Marahaba, dokta. Umenishtua, lakini ni vizuri umekuja. Zamu zako za mwezi huu nani atazishika?"

Hilo ndilo swali la kwanza, karibu kila idara. Uwe na jibu. Kwa mkuu wa idara, kuondoka kwako kabla ya chochote kingine ni pengo kwenye ratiba, na anayekuja na pendekezo la tarehe ya kuondoka inayoacha muda wa kupanga upya zamu anapokelewa vingine kabisa. Usiiseme vibaya fani unayoiacha, hata kama una sababu. Kama umenyanyaswa, hilo lina mahali pake pa kulalamikia na linastahili kusikilizwa kikamilifu. Likichanganywa na ombi la kubadili fani yote mawili hudhoofika.

Kabla ya siku ya mwisho, chukua nyaraka zako ukiwa bado unajulikana kwa sura: matokeo ya mitihani yenye muhuri, barua ya idara inayoeleza ulisoma kuanzia lini hadi lini na kwamba uliondoka kwa hiari ukiwa na mwenendo mzuri, tathmini za wodi ulizozunguka zikiwa na saini za mabingwa waliokusimamia, na daftari la kazi zako kama lilikuwepo. Wasimamizi huhama, wengine hustaafu. Fani mpya itataka kujua kwa nini uliondoka ya kwanza, na karatasi yenye saini ya mtu uliyefanya naye kazi inajibu swali hilo ukiwa hata hujaingia kwenye chumba cha usaili.

Ombi likikataliwa na mwajiri, ruhusa ya fani ya kwanza bado ipo, na hakuna kilichovunjika kama hukujiondoa chuoni. Unaweza kuomba tena kwenye mpango wa mwaka wa fedha unaofuata. Unaweza pia kuahirisha, ukarudi kituoni, ukafanya kazi mwaka mmoja kwa leseni uliyonayo na kuomba fani mpya ukiwa umetulia, ukikumbuka tu kwamba vyuo huweka kikomo cha muda wa kuahirisha. Andika tarehe ya kikomo hicho mahali unapoiona kila siku.